Kisu Katika Mkoba wa Shemeji

Gitega, 2 Machi 2025

Shemeji Épiphanie,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu umeifungia mlango. Nimepiga tangu jana, haiiti. Basi barua hii ataileta motari kwa pikipiki yake, avuke mji mpaka kwenu Busanza, na nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka uipokee. Nilipokuwa kazini niliwaandikia watu wakaidi kuliko wewe, na walisoma.

Jana kwenye ubatizo wa mjukuu wangu, mke wangu Trinah alisogeza mkoba wako ili padri apate pa kukaa. Kisu kikatoboa mkoba, kikaanguka sakafuni, kikalala mbele ya viatu vya padri. Si kisu cha kukatia limau. Ni kisu cha mchinja mbuzi, umekiviringishia kitambaa cha kiwandani kwenu. Mke wangu mpaka sasa anauliza kama ulikuja kubatiza au kuchinja. Nawe, badala ya kuona haya, ukakiokota, ukakirudisha mkobani, ukaomba soda nyingine.

Unajua nilivaa magwanda ya polisi mpaka mvi zikanitoka. Hata baada ya kustaafu wananialika kwenye mikutano ya mitaa kuwafundisha watu usalama. Ninachofundisha ni hiki: raia asitembee na silaha eti ya kujilinda. Mwizi ana nguvu kukuzidi na hana haya. Silaha ukiianzisha wewe, atakayeimaliza ni yeye. Ukivamiwa, achia mali, piga induru, majirani watatoka, na namba ya polisi ni ya bure. Tena katika nchi hii, baada ya mwaka 1994, Shemeji, sisi si watu wa kuambiwa kinachotokea raia wakijitwalia vyuma mikononi.

Mumeo Sangwa yuko njiani na lori lake la Dar es Salaam. Mimi ni kaka yake mkubwa, kwa hiyo kauli ni yangu. Kisu hicho kitoke katika familia hii.

Rwema


Busanza, 5 Machi

Shemeji Rwema,

Barua nimeipata. Kiswahili chako bado cha kambini, kila sentensi imesimama wima na kupiga saluti. Mimi changu nilikiokota sokoni Buyenzi, kule Bujumbura, kwa hiyo utanivumilia nikikujibu nimekunja nne.

Padri namwomba radhi. Wewe sikuombi.

Unajua mimi natoka nyumbani saa ngapi? Gari la kiwanda linapita barabara kubwa saa kumi na moja alfajiri. Kutoka kwenye maghorofa yetu mpaka pale kuna kijia kinachopita nyuma ya uzio wa mabati wa watu wanaojenga. Taa hakuna. Mwezi wa kwanza mwenzangu tunayeshona naye kola, mashine kwa mashine, alivamiwa pale pale. Alifanya yote unayoyafundisha. Aliachia mkoba, aliachia simu, aliachia mpaka viatu. Wakamvunja jino hata hivyo, sijui walitaka na tabasamu lake. Tangu siku ile natembea na kisu. Nikifika kiwandani Masoro namwachia mama wa chai nje ya geti, maana walinzi wanapekua, na jioni nakichukua. Sijamtishia mtu yeyote.

Usiniambie nisubiri kupambazuke. Nikikosa gari, kiti changu kinakaliwa na mwingine, na wanaokitamani wamejaa pale getini kila asubuhi.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe unaamka jua limeshawaka, unakunywa chai, unavaa koti, unakwenda kuwaambia watu watembee mikono mitupu. Niwekee taa kwenye kile kijia, na mimi nitakuletea kisu changu ukatie keki za ubatizo.

Na hiyo kauli unayoitangaza, kaitafute kwingine. Mume wangu anakijua kisu hiki. Ndiye aliyekinoa.

Épiphanie


Gitega, 8 Machi

Shemeji,

Kumbe ni Sangwa aliyekinoa. Yeye nitaonana naye akirudi. Na huyo mama wa chai naye, kumbe chini ya chupa zake ana ghala la silaha.

Nikuambie nilichokiona kazini, maana kejeli zako hazijakiona. Watu waliokuja mbele yangu na damu mikononi, kila mmoja alikuwa na kisu "cha kujilinda". Hakuna aliyeniambia alikuwa na kisu cha kuua. Mmoja alijilinda dhidi ya jirani yake waliyegombania bomba la maji. Jirani tulimzika, na yeye alizeekea gerezani akiapa kwamba hakukusudia. Namwamini. Kwani jirani alifufuka?

Wewe una hasira za haraka. Siku utakayokosana na mtu kwenye foleni, kisu kitakuwa karibu na mkono wako kuliko akili yako. Na siku atakapokuja mwizi wa kweli, atakunyang'anya kama anavyomnyang'anya mtoto pipi.

Unaogopa kijia? Tembeeni wawili. Yule jirani yako Connie si anafanya kazi huko huko Masoro? Wanawake wawili wanaoongea kwa sauti ni kinga kuliko visu kumi.

Jumanne nimealikwa kuzungumza kwenye mkutano wa wananchi wa mtaa wenu, umudugudu wenu. Utakuwa kazini, najua. Majirani zako watakusikilizia.

Rwema


Busanza, 14 Machi

Shemeji,

Ulisema nini hapa Jumanne?

Nauliza kwa sababu tangu Jumatano nimekuwa mgonjwa wa ukoma. Connie, ambaye tulikuwa tunatembea pamoja hata kabla wewe hujamgundua, ameniambia amebadilishiwa zamu. Jana nikamwona yuko mbele yangu kijiani na wengine, wanakaza mwendo. Mama wa chini yangu, ambaye mwanawe ameshinda kwangu tangu anatambaa, sasa nikipita anamwita ndani. Hata Bertrand, mkuu wetu wa umudugudu, mtu wa kushikana mikono mpaka uchoke, ananipungia kutoka ng'ambo ya barabara.

Nimewauliza. Wanachekacheka, wanatazama pembeni. Nijibu wewe, motari anasubiri.

Épiphanie


Gitega, 14 Machi

Shemeji,

Nilisema ninachosema kila mahali. Nilizungumza kwa ujumla, na sikutaja jina la mtu.

Kama watu wanakukwepa, jiulize mwenyewe. Mtu akishazoea kubeba kisu huanza kuona maadui hata kwenye salamu.

Rwema


Gitega, 21 Machi

Shemeji,

Nilikuja hospitali jana na Trinah. Ulitugeuzia uso ukutani, na mimi si mtu wa kuongea na mgongo, kwa hiyo naandika.

Daktari ametuambia mishipa ya vidole viwili imekatika, na huenda visikunjike tena. Polisi wametuambia yaliyobaki. Juzi Jumatano alfajiri, pale kwenye mabati, mtu alikamata mkoba. Ungeuachia, angeondoka nao na ungekuwa unashona kola leo. Wewe ukatoa kisu. Akakuzungusha mkono, akakichukua, akakukata nacho kiganja. Yote haya nilikuandikia kabla. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi sikukupa, nilikukataza, na ulichonijibu ni keki za ubatizo.

Lakini kuna jambo linalonikera hata kuliko ukaidi wako. Umewaambia polisi kwamba ulipiga induru mpaka sauti ikakauka. Taa ziliwaka madirishani, mapazia yakasogea, na hakuna aliyeshuka. Huo ni unyama. Sisi tumelelewa kwamba induru ikilia, mtu hutoka hata kama amejifunga shuka. Anayesikia mwenzake anaangamia akajifunika blanketi hana tofauti na aliyeshika kisu.

Nimempigia simu Bertrand. Jumanne wote waliosikia wakakaa ndani wasimamishwe mbele ya mkutano na waadhibiwe. Nitakuja mwenyewe kuhakikisha. Hilo nalifanya kwa sababu wewe ni mke wa mdogo wangu, wala si kwa sababu unalistahili.

Rwema


Busanza, 23 Machi

Shemeji Rwema,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Connie. Mkono wangu umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Watu wa kuniandikia walikuwepo wengi, lakini nimemtaka yeye, na nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitamka, hata likimchoma.

Ulisema ulizungumza kwa ujumla. Connie alikuwa amekaa safu ya mbele. Anasema maneno yako yalikuwa haya: "Hata katika ukoo wangu yupo mwanamke wa namna hiyo. Anakaa kwenye maghorofa haya haya, anatoka alfajiri kwenda Masoro, na mkobani ana kisu cha kuchinjia." Kweli, jina hukulitaja. Ndicho kitu pekee ulichokibakiza.

Halafu mtu mmoja akauliza: "Na tukimusikia anapigana na watu, tufanye nini, Afande?" Ukajibu kwamba penye kisu pasikaribiwe. Kwamba mwenye hofu gizani hachagui, atamchoma hata aliyekwenda kumwokoa. Kwamba watu wakae ndani na wapige simu. Wakakupigia makofi.

Sasa sikiliza Jumatano ilivyokuwa. Mimi nililia "Mutabare! Mutabare!", njooni mniokoe, na dirisha la Connie linatazama mabati yale. Alinitambua kwa sauti. Alikuwa ameshavaa viatu na mkono uko kwenye kitasa. Jirani yake akamvuta, akamwambia: "Wewe usiende, dada. Huyo ni ule mwenye iko na kisu. Afande alisema tubaki ndani." Wakabaki. Wakapiga simu kama walivyofundishwa. Polisi walikuja, tena walikuja mbio, siwalaumu. Lakini kiganja hakisubiri gari.

Kisu kilinisaliti. Hilo nakupa, lichukue ukalitie kwenye hotuba zako. Sikujua kukitumia, na yule mtu alinizungusha kama mwanasesere. Ila kuna kitu sikuwaambia polisi kwa sababu sikujua namna ya kukisema. Alipokwisha kukipata kisu hakunikata. Alisimama. Aliyatazama madirisha yakiwaka taa, moja baada ya jingine, na miguu yake ilikuwa tayari kukimbia. Alikuwa anawangoja watu watoke. Walipokosa kutoka, akanitazama tena, kwa utulivu kabisa, ndipo akanikata.

Jumanne ukija kuwahukumu hawa, anza na aliyewafundisha.

Épiphanie

Mimi Connie naongeza yangu, yeye amelala. Mzee, nimeandika yote bila kuruka, hata ile ya kungoja. Mimi nilikutii. Nilikuwa na kitasa mkononi, nikakumbuka maneno yako, nikayatii. Sasa unataka nisimamishwe mbele ya watu kwa kukutii? Basi ukija utuambie vizuri ni siku gani tutoke na siku gani tubaki, ili mimi nisikosee tena. Yule ni rafiki yangu.


Gitega, 24 Machi

Shemeji,

Sifuti neno hata moja. Ushauri nilioutoa ni sahihi. Muulize askari yeyote: mtu asiye na mafunzo haingii gizani penye kisu. Nimewahi kumbeba mwema wa namna hiyo, alikimbilia kuokoa na akachomwa na aliyekuwa anaokolewa. Usingekuwa na kisu, wangetoka. Fungua mkoba wako kabla ya kufungua hotuba yangu.

Kama nilikutolea mfano, nilifanya hivyo ili watu waelewe. Mfano wa mbali hauwaingii. Nilikuwa na hasira, hilo nalikubali. Ulinitia aibu ndani ya nyumba yangu, mbele ya padri.

Jumanne sitafika. Presha imepanda, Trinah amenizuia.

Sangwa amenipigia kutoka Singida. Anauliza jambo moja tu, kwa nini majirani hawakutoka. Nimemwambia uchunguzi unaendelea. Nakuomba, na unajua mimi siombi ovyo, usimwambie wewe. Niachie mimi nimweleze taratibu, kwa wakati wake. Baba alipofariki kule Karagwe nilimbeba yule mtoto mabegani. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita kaka.

Nimekuongelea kwa rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni. Kuna nafasi ya mapokezi, kazi ya mchana, haihitaji vidole vyote. Ukinyamaza kidogo mambo haya yatapoa.

Rwema


Busanza, 2 Aprili

Shemeji Rwema,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba kama zimetoka kilabuni. Nimekataa kuandikiwa. Haya nataka uyapate kutoka kwangu.

Jumanne ile uliyougua ghafla, Bertrand aliwaambia waliosikia induru yangu wasimame. Wakasimama wote, mpaka bibi mmoja asiyeweza kusimama akashikiliwa. Alipotaka kutaja adhabu nikamwomba niseme. Niliwaambia hivi: "Kisu polisi wamekichukua na sina kingine. Mkoba wangu huu hapa, upekueni, mna mkate na kadi ya bima. Kuanzia leo nikilia, hakuna chuma. Ni mimi tu." Nikaupitisha mkoba, wakapokezana. Kila mtu alichungulia ndani. Bertrand akasema adhabu basi, kila mtu aende nyumbani akaongee na moyo wake. Nami nikarudi ndani bila kujua wameniamini au hapana.

Juzi Jumatatu kiwanda kimeniita. Si mashine tena, ni kukata nyuzi za mashati, kazi ya mkono mmoja, kwa kujaribiwa. Nikichelewa, basi. Kwa hiyo nilirudi kwenye kijia kile kile, giza lile lile. Taa hujaweka. Connie alikuwa zamu nyingine, safari hii kweli. Nilipofika kwenye mabati nilisimama. Hapakuwa na mtu, nilisikia mabati tu yakigongana kwa upepo. Lakini nilijua nitapita hapo kesho na kesho kutwa, na kwamba siku moja atakuwepo mtu, na sikuweza kuishi nikingoja siku hiyo ndiyo inijulishe kama nina majirani. Nikaweka mkoba chini, nikapiga induru.

Nililia kama nilivyolia siku ile. Taa zikawaka. Mapazia yakasogea, na mimi nikasema moyoni, basi, ni yale yale.

Halafu milango ikafunguka kwa kishindo. Connie alitangulia, peku, kanga moja. Nyuma yake yule jirani aliyemvuta mkono, safari hii ameshika mwiko, anapiga kelele kunishinda mimi. Bertrand alikuja na fulana na kiatu kimoja. Walitoka kila ghorofa, mpaka kijia kikajaa, na yule bibi asiyeweza kusimama alikuwa anapiga sufuria dirishani. Wakanizunguka: "Iko wapi? Ameenda wapi?" Nikawaambia hayupo. Hakukuwa na mtu.

Bertrand alinigombeza mpaka mate yakamtoka. Akasema: "Épiphanie, induru si mchezo! Unatuamusha bure, kesho nani atatoka?" Ana haki. Jumanne ijayo nitasimamishwa mbele ya mkutano kwa kulia uongo, na nitakubali chochote watakachonipa. Connie alinitukana kwa lugha tatu. Akiwa bado ananitukana akachukua mkoba wangu, akanisindikiza peku mpaka kwenye gari.

Usikimbilie kusema umeshinda. Kisu sitabeba tena, ni kweli. Sikukiacha kwa sababu ulinikataza, nimekiacha kwa sababu walitoka. Ushauri wako unafaa kwa mtu ambaye akilia anasikilizwa. Wewe uliniambia nitupe kisu nikatumaini watu, halafu ukapanda jukwaani ukawafungia watu milango. Hukuniachia hata kimoja. Hilo sikusamehe, na usinitumie padri wala Trinah kuja kuniombea.

Sangwa alifika Jumamosi. Alinikuta nahangaika na kifungo cha blauzi, akakifunga yeye, kisha akaniuliza lile swali lake. Uliomba ninyamaze. Nilimwambia yote, nikampa na barua zako azisome. Alizisoma, akazikunja vizuri, akaniuliza kama nimekula. Simu yako imeita mara nyingi tangu hapo na anaitazama tu. Atakachofanya sikijui, na sitamshauri.

Ile kazi ya mapokezi mpe mtu mwingine.

Na jambo la mwisho. Wewe ni mzee sasa, na Gitega kuna vichochoro vibaya kuliko kijia changu. Siku watakapokuvamia, Shemeji, piga induru. Mimi sikupendi, lakini nikiwa karibu nitatoka, na mkono wangu huu huu. Sitauliza kwanza una nini mkononi.

Épiphanie